Namba 0.25 na foleni ya Mwenge

Mshikaji wangu kaingiza SUV ya umeme, ile ya kimichezo kabisa, paa limelala kwa nyuma kama mgongo wa papa, rimu inchi 21, taa ya nyuma ni mstari mmoja mwekundu kutoka kona hadi kona, na juzi akanipitia Mbezi Beach tukashuka wote mjini. Njia nzima ananihubiria namba ya upepo. "Mzee hii ni sifuri nukta mbili tano, inakata upepo kama kisu." Sawa. Sasa hayo maneno aliyasema tukiwa Mwenge, saa moja na nusu asubuhi, tumesimama, na muuza karanga mmoja alikuwa ameshatupita mara mbili kwa miguu, kaenda kauza karudi kauza tena, na yeye kabeba beseni kichwani ambalo hakuna handaki la upepo duniani, yaani kile chumba cha kupulizia gari hewa ili kupima umbo lake, lingelipitisha.

Nikaanza kuwaza. Na nimewaza wiki nzima, manake mimi ni mtu wa magari, nasoma hizi brosha kama wengine wanavyosoma mikeka, na naona kuna kitu tunauziwa hapa ambacho kimetengenezwa kwa ajili ya barabara za watu wengine.

Tuanze na hiyo namba yenyewe kwanza, Cd wanaiita. Inakwambia umbo la gari linateleza vipi kwenye hewa, ikiwa ndogo ni nzuri. Tesla Model Y ya mwanzo 0.23, Porsche Macan ya umeme 0.25, BMW iX nayo 0.25, Mercedes EQS SUV 0.26, Lotus Eletre 0.26, Jaguar I-Pace ya 2018 ilikuwa 0.29. Kwa magari marefu na mapana kiasi hicho hizo namba ni kazi nzito sana ya mainjinia, siwezi kuwanyima haki yao. Ila kabla hatujapiga magoti, kuna Mwaustria aliitwa Edmund Rumpler, mwaka 1921 katengeneza gari yenye umbo la tone la maji, na mwaka 1979 Volkswagen wakaiingiza kwenye handaki lao la upepo, ikatoa 0.28. Ya 1921! Babu yako hajazaliwa. Kwa hiyo watu walijua zamani jinsi ya kukata upepo, tatizo ni kwamba gari ya namna hiyo ilikuwa na sura ambayo wanunuzi hawakuitaka, na hapo ndipo mambo yote yalipolala mpaka leo, sura.

Halafu kuna ujanja mmoja wa brosha. Cd peke yake haikwambii kitu mpaka uizidishe na ukubwa wa uso wa gari, yaani ukisimama mbele ya gari unaona eneo kiasi gani limeziba. SUV ina uso mpana. Kwa hiyo SUV ya 0.25 na saluni ya 0.25 sio ndugu, SUV inasukuma hewa nyingi zaidi hata kama namba zinafanana. Cd inaandikwa kwa herufi kubwa, ukubwa wa uso utautafuta mpaka usiku.

Sasa hesabu, na nitaifanya kwa lugha ya LUKU ili tuelewane. Nguvu inayohitajika kupambana na upepo haipandi kidogokidogo, spidi ikizidi mara mbili inapanda mara nane. Mara nane! Ndio maana Wajerumani wamechanganyikiwa na hili suala, wao wana barabara ambazo unatembea 160 na mtu anakuwashia taa nyuma umpishe. Chukua SUV mbili zenye uso wa mita za mraba 2.7, moja ina Cd 0.25 na nyingine ile ya kawaida tu 0.33. Kwenye spidi 120 tofauti yao ni kama kilowati nne na nusu hivi, sawa na kuwasha pasi nne kwa mpigo, hiyo ni hela, hiyo ni betri inaondoka kweli. Shuka mpaka 40, tofauti inakuwa wati 170, feni tatu za chumbani. Shuka mpaka 20, ambayo ndio spidi ya kweli ya Barabara ya Bagamoyo asubuhi ukiwa na bahati, tofauti inabaki kama wati 20. Taa mbili za LED. Yaani ule mgongo wa papa wote, wale mainjinia wote, ukiwa Mwenge unakuokolea taa ya chooni na ya korido.

Na wakati huohuo AC iko inafanya nini? AC kwa joto la Dar, mwezi wa pili, jua la saa nane, kioo cha paa kizima hakina hata pazia, inakula kilowati moja na nusu, mbili, hata zaidi ukiikuta gari imeanikwa. Hiyo ni mara nyingi kuliko upepo wote. Ukikaa foleni saa moja na nusu, umeshachoma uniti mbili tatu kwa ajili ya baridi tu, gari haijaenda popote. Kwa hiyo ukiniuliza mimi kitu gani kwenye umbo la hizi gari kinakula chaji Dar, sitakuonyesha bampa wala spoila, nitakuonyesha lile paa la kioo ambalo kila mtu analipigia picha. Kule kwao lina maana, jua la kwao ni la kuazima, mtu anataka alione. Hapa nani kakwambia anataka kuliona jua?

Kitu cha pili ni uzito. Macan Turbo ya umeme ina kilo 2,400 na ushee, iX xDrive50 kama tani mbili na nusu. Tairi kubeba uzito huo tu, gari ikitembea 40, inataka zaidi ya kilowati mbili, na hilo halijali umbo lako ni papa au kabati. Nakubali kwamba umeme ndio unafaa zaidi kwa foleni kuliko petroli, na hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Gari ya petroli ikisimama inaendelea kunywa, ya umeme ikisimama imesimama, na ukishika breki mota inageuka jenereta inarudisha chaji, Macan inaweza kurudisha mpaka kilowati 240 kwa breki tu. Dar ni nyumbani kwa mota ya umeme. Ila ni mota ndio inafanya hiyo kazi, umbo limekaa pembeni linapiga picha.

Mtu ataniambia bwana mimi sitembei mjini tu, Desemba napanda Moshi. Nakuelewa kabisa. Kutoka hapa mpaka Moshi ni kilomita 550 na zaidi, na hapo kwenye lami tupu umbo linalipa, nimeshasema pasi nne. Ila tuwe wakweli, hiyo lami tupu iko wapi? Kila kijiji ni kibao cha 50, baada ya kibao kuna trafiki na tochi yuko chini ya mwembe, ukitoka hapo umekaa nyuma ya lori lenye kontena linapanda kilima na spidi ya mwendo wa maiti, ukifanikiwa kulipita unakutana na rasta, halafu tuta, halafu kibao tena. Wastani wa safari ukija kuuangalia unakuta ni 60 na kitu. Sisi tochi ndio handaki letu la upepo.

Sasa hilo paa lenyewe. Hii mitindo ya SUV zenye mgongo wa kuteremka BMW ndio walioisambaza na X6 mwaka 2008, watu wakacheka, halafu wote wakaiga, Mercedes wakaja na yao, Audi na Sportback zao, Porsche na Cayenne yenye mgongo huo. Wazungu wanaziita kwa neno la Kifaransa ambalo kwa Kiswahili ukilitamka linakuwa kupe, na mimi naona Kiswahili kimeshinda hapo, manake ni kupe kweli, zinanyonya. Zinanyonya kichwa cha abiria wa nyuma na zinanyonya buti. Audi e-tron ya kawaida ilikuwa 0.28, ile ya mgongo ikashuka mpaka 0.25 ikivaa kamera badala ya vioo. Umepata pointi chache za upepo, umepoteza sehemu ya kuweka gunia la mchele wa Kyela. Jaribu kumbeba mama na kilemba chake siku ya send-off kwenye siti ya nyuma ya gari kama hiyo uone atakwambia nini. Tena hapa Dar tulishalitatua hili suala zamani na Harrier, ile tuliyoipa jina tako la nyani, ina kaumbile kake ka kuteremka lakini mtu mzima anakaa nyuma vizuri na buti linapokea ndizi. Nani alituomba tulishushe zaidi?

Nikiacha utani, kazi ya maana ya upepo kwenye hizi gari haiko juu, iko chini. Upande ambao hauonekani. Gari ya petroli chini ni fujo, ekzosi, shafti, tenki, mabomba, hewa ikiingia pale inagongana na kila kitu. Ya umeme betri imelala chini kama godoro, wanaifunika na plastiki laini toka bampa la mbele mpaka nyuma, hewa inapita kama kwenye sakafu ya vigae. Ongeza rimu zilizozibwa, manake tairi na matundu yake yanachangia karibu robo ya upepo wote unaopingana na gari, na vile vipazia vya kwenye grili vinavyojifunga vyenyewe mota isipohitaji kupozwa. Hapo ndipo zile namba zinapotoka. Lotus wao wakaenda mbali zaidi, kwenye Eletre wakatoboa mwili wa gari ili hewa ipite katikati badala ya kuzunguka, boneti lina matundu, nguzo za nyuma zina matundu, unaingiza mkono unatokea upande wa pili. Ukweli nimeipenda hiyo. Ni wazo, sio mapambo, ingawa nikifikiria vumbi la Goba na wale ndege wanaotafuta pa kujenga kiota naanza kuwa na maswali.

Ila sasa hicho kitumbo laini ndio kitu cha kwanza kukutana na tuta. I-Pace ikiwa na springi za kawaida ilikuwa juu ya ardhi milimita 142 tu. Sentimita 14 kwa tuta la mtaani la Dar, lile ambalo wananchi wamelijenga wenyewe baada ya mtoto kugongwa, halina rangi halina kibao halina vipimo, kuna mengine ni ukuta umelazwa. Mshikaji wangu huyuhuyu, gari nisiitaje, wiki ya tatu tu tangu aitoe bandarini kaingia mtaa mmoja huko Kimara anamfuata shangazi yake, kasikia kwaruu, kashuka kaangalia, kale kaplastiki ka chini kamening'inia kama ulimi wa mbwa. Betri haijaguswa, ina kasha lake la chuma, lakini moyo wake ulisimama, manake betri ndio gari, ikiumia ile huna gari una samani.

Ndio maana kama kuna kitu kimoja cha kulipia hela ya ziada ni springi za hewa, unabonyeza gari inanyanyuka. Sio rimu. Tafadhali sio rimu. Rimu inchi 22 na tairi nyembamba kama mkanda wa kiatu kwenye gari ya tani mbili na nusu, halafu shimo la Tabata baada ya mvua, hiyo hesabu haitaki kalkuleta. Rimu ndogo na tairi nene inakupa starehe na mara nyingi inakupa kilomita zaidi vilevile, ila haipendezi kwenye Instagram, tunarudi palepale kwenye sura.

Vioo vya pembeni nimevigusa hapo juu lakini lazima nivirudie. Audi walisema wakitoa vioo wakaweka kamera nyembamba Cd inashuka kutoka 0.28 mpaka 0.27. Sasa wewe unaishi Dar. Unajua kwa nini magari yetu yana namba ya usajili imechongwa kwenye kioo cha pembeni, unajua kwa nini fundi anakipigilia ribiti, unajua yule kijana anayekatiza katikati ya foleni usiku anatafuta nini. Kioo cha kawaida kikiibiwa unashuka Gerezani, unakikuta, pengine ni kilekile chako, mnapatana bei yanaisha. Kamera ya pembeni ikichomolewa unaagiza Ujerumani. Na vile vitasa vya mlango vinavyozama ndani ya bodi, vinatoka vyenyewe ukikaribia, faida yake kwa upepo ni ndogo mno, na China ambao ndio walivipenda kuliko wote wameshasema kuanzia 2027 modeli mpya za magari lazima ziwe na vitasa vya kufungulika kwa mkono, nje na ndani, manake ajali ikitokea umeme ukakata mtu anabaki amefungiwa. Hiyo ndio hukumu ya vile vitasa, imetolewa na mashabiki wake wenyewe.

Sasa nataka niwaletee ushahidi ambao unanifurahisha mimi binafsi. Mercedes-Benz, kampuni ileile iliyotengeneza EQS SUV yenye 0.26, inatengeneza na G-Wagon. Ya petroli, kabla hawajaiboresha 2024, Cd yake ilikuwa kama 0.54, tofali kabisa, kabati la nguo lenye tairi. Walipoitengeneza ya umeme, G 580, wakahangaika kweli, wakanyanyua boneti, wakaweka kimdomo juu ya kioo cha mbele, wakazungushia vipande vya kuelekeza hewa, wakafika 0.44. Bado tofali. Lakini iko juu ya ardhi sentimita 25 na inaingia kwenye maji ya sentimita 85, wakati I-Pace mwisho wake ilikuwa sentimita 50. Jangwani ikifurika, hebu niambie kati ya papa na tofali nani anafika Kariakoo? Sisemi mtu apite kwenye mafuriko, usipite, rudi nyumbani. Ila gari ya umeme kwanza haina injini ya kunywa maji kupitia hewa, kile kitu kilichoua magari mengi ya petroli pale bondeni, kwa hiyo ukiipa na urefu wa kutosha umeipa akili ya Dar. Tatizo la tofali ni tani tatu na zaidi, na bei ambayo ni nyumba Kigamboni na uzio wake. Nachosema ni kwamba mahitaji yetu yanafanana na tofali kuliko papa, na ajabu ni kwamba tofali la bei ya kati ni la kutafuta kwa tochi.

Kuna vitu vingine ambavyo wauzaji wanavitaja mwishomwisho na mimi ningevitaja mwanzo. Kupooza gari kwa simu kabla hujatoka ofisini, hicho kwa Dar ni zawadi. Kingine ni ile ya gari kutoa umeme badala ya kula, Hyundai Ioniq 5 na Kia EV9 zinatoa mpaka kilowati 3.6, EV9 kubwa ina betri ya karibu uniti 100. Uniti 100! Nyumba inayotumia uniti kumi kwa siku, umeme ukikatika unachomeka friji na feni na tivi kwenye gari na mpira unauangalia mpaka dakika za nyongeza wakati jirani anatafuta petroli ya jenereta. Hicho ni kipengele cha kumwambia mke nyumbani ukiombea hela.

Kuchaji ni rahisi kuliko watu wanavyodhani na kugumu kuliko muuzaji anavyosema. Kwa bei ya uniti 350 na ushee kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, betri ya uniti 95 unaijaza kwa elfu 34 hivi, kidogo zaidi ukiweka na umeme unaopotea njiani. Ila kwa soketi ya ukutani ya kawaida unapata kilowati mbili na kidogo, hiyo ni karibu siku mbili kamili imechomekwa. Ukifunga chaja ya ukutani kwenye umeme wa njia moja unapata kilowati saba, usiku mmoja na asubuhi yake. Njia tatu ndio kumi na moja. Zile dakika 21 za kutoka asilimia 10 mpaka 80 ambazo Porsche wanazitangaza zinataka mashine ya kilowati 270, na hiyo mashine nyumbani kwako Sinza transfoma ya mtaa mzima italia.

Na spidi? Macan Turbo sifuri mpaka mia ni sekunde 3.3. Umefika mia ndani ya mita hamsini hivi. Nitafutie mita hamsini za Dar ambazo mbele yake hakuna bajaji. Usiku wa manane Daraja la Tanzanite labda, na hapo tena sauti yenyewe inatoka kwenye spika, unanguruma kwa bluetooth. Sina ugomvi nayo sana, mtu akitaka toi anunue toi, hela yake, ila tusiite mahitaji.

Mshikaji jana kanipigia. Ile plastiki ya chini iliyoning'inia fundi wa kwanza aliifunga na mpira wa bodaboda ikadondoka tena, fundi wa pili akaitoa yote akasema iagizwe mpya, imeagizwa, haijafika. Wiki mbili anazunguka mjini tumbo wazi, kila hewa inaingia inavyotaka. Nikamuuliza kwa unyenyekevu kabisa, mzee, matumizi kwenye skrini yanasemaje? Akakaa kimya kidogo. "Uniti kumi na tisa kwa kilomita mia." Na kabla haijatoka? Kumi na tisa.